Testi Inapita kwa Laptopu, Inaanguka kwa Pi: Maswali Yenu ya Keneli

Tangu tuandike kidogo kuhusu ftrace, ule mtambo wa kufuatilia kazi (function) za keneli, moyo wa mfumo wa Linux, ulioingia toleo 2.6.27 mwaka 2008, maswali yamekuja kwa wingi na karibu yote ni lile moja: testi inapita kwa mashine hii, inaanguka kwa ile. Nimechagua ya Kisumu, Nakuru, Bungoma na Busia kwa sababu yanagusana, jibu la moja linaingia ndani ya lingine, kwa hivyo soma yote hata kama swali lako ni la mwisho.

Salama Fundi? Niko Kondele, Kisumu, nasoma kompyuta mwaka wa tatu. Nimeandika skripti ya kujaribu kprobe (ule mtego unaweka ndani ya kazi ya keneli usome inapewa nini), inaonyesha faili zenye zinafunguliwa kwa mashine. Kwa laptopu yangu ya Intel inapita poa kabisa. Nikaipeleka kwa Raspberry Pi 4 ya rafiki yangu yenye keneli ya biti 64 na hata haianzi, inasema tu "Invalid argument" basi. Laini yenyewe ni hii: `p:fungua do_sys_openat2 jina=+0(%si):ustring`. Sasa keneli ya Pi imeharibika ama Pi haiwezi hizi vitu?

Salama sana kijana wangu. Keneli ya Pi iko sawa na Pi inaweza. Shida iko kwa hiyo `%si`.

Kabla ya kukisia chochote, fungua faili moja ambayo watu wengi hawaijui, iko pale pale kwa `/sys/kernel/tracing` na inaitwa `error_log`, imekuwepo tangu toleo 5.2. Ukiisoma baada ya hiyo laini kukataliwa utapata "Invalid register name", halafu chini yake laini yako yote vile uliiandika, halafu alama ya `^` inakuonyesha ni wapi keneli ilikwama. Keneli inakuambia rejista (kale kasanduku kadogo ka kuweka namba ndani ya prosesa) ya jina hilo haiijui. Na ni ukweli, kwa sababu `%si` ni rejista ya Intel na AMD, prosesa ya ARM haina kitu kama hicho.

Sasa hapa ndio utamu wa hii mambo. Kazi ya keneli ikiitwa, vitu vyenye inapewa vinawekwa kwa rejista kwa mpangilio maalum, na kila familia ya prosesa ina mpangilio wake. Jina la faili kwa `do_sys_openat2` ni kitu cha pili. Kwa x86_64 cha kwanza kinakaa `%di` na cha pili `%si`, kwa ARM ya biti 64 ni `%x0` na `%x1`, kwa RISC-V ni `%a0` na `%a1`, kwa zile mashine kubwa za IBM za s390x ni `%r2` na `%r3`, na kwa PowerPC ni `%gpr3` na `%gpr4`. Kwa hivyo njia ya kwanza ya kurekebisha ni kuangalia `uname -m` (inataja familia ya prosesa) halafu kuchagua rejista kwa `case`, kila familia laini yake, na testi kadhaa za keneli yenyewe zimeandikwa hivyo hadi leo.

Njia ya pili ni nyepesi. Tangu toleo 4.20 la mwaka 2018 unaweza kuandika `$arg1`, `$arg2` na kuendelea, keneli yenyewe inajua ziko rejista gani. Laini yako inakuwa `jina=+0($arg2):ustring` na hiyo itaenda kwa Intel na kwa Pi bila kubadilisha kitu. Lakini angalia mambo mawili. Moja, iweke ndani ya alama za kunukuu za moja moja, yaani `'...'`, kwa sababu ukiweka za mbili sheli (programu inayosoma amri zako) itadhani `$arg2` ni kigezo chake, itakiondoa na kuweka hewa, na utabaki unashangaa kwa nini keneli inalalamika kuhusu kitu hukuandika. Pili, kwa kprobe ya `p:` kama yako hizo `$arg` zinafanya kazi pale kazi inapoanza tu, ukiweka kprobe katikati ya kazi hazikubaliki na ni haki zisikubaliwe maana wakati huo rejista zishatumika kwa mambo mengine.

Usikimbie pia kubadilisha kila testi iwe `$arg`. Kuna testi ambayo kazi yake hasa ni kuangalia kama keneli inayakubali majina ya rejista mazuri na kuyakataa mabaya, mfano `kprobe_args_syntax.tc`. Hiyo ukiiondolea rejista umeiua, itapita milele na haijaribu chochote.

Wewe ulikuwa na bahati kwa sababu Pi ilikataa. Kosa lenye linanikosesha usingizi ni lile la jina ambalo liko kwa prosesa mbili lakini kazi ni tofauti. Chukua `%r3`: kwa s390x ni kitu cha pili, kwa ARM ya biti 32 ni kitu cha nne. Keneli itapokea laini bila neno, kprobe itawekwa, matokeo yatatoka, na yote ni takataka. Ni kama umwambie mgeni agonge nyumba namba 3 na hujamwambia ni ploti gani, atagonga, mtu atafungua, na si wewe. Testi yenye inaangalia tu kama kprobe imekubaliwa itasema PASS hapo. Ndio maana nakuomba mwisho wa skripti yako ufanye `cat /etc/hostname`, halafu utafute ndani ya faili ya `trace` maneno `jina="/etc/hostname"`, yakikosekana testi ianguke. Angalia kile kimesomwa, usiangalie tu kama mlango umefunguka.

Nimefurahi sana kuona umetumia `ustring`. Iliingia toleo 5.3 mwaka 2019 na inaambia keneli kwamba hayo maneno yako upande wa programu ya mtumiaji. Kwa x86 watu walizoea `string` tupu na ikawa inakubali, lakini kwa s390x anwani ya keneli na anwani ya programu zinaweza kuwa namba ile ile na ni sehemu mbili tofauti, kwa hivyo lazima useme unataka ya nani.

Na kama siku moja `do_sys_openat2` yenyewe haipatikani, tafuta jina kwa `/proc/kallsyms` kwanza. Kompaila inaweza kumeza kazi ndogo ndani ya kazi kubwa kwa prosesa moja na kuiacha kwa nyingine, ama kuibandika mkia kama `.isra.0`, jina likabadilika. Saa zingine ni watu wa keneli wenyewe wamebadilisha: `_do_fork` iligeuzwa `kernel_clone` kwa toleo 5.10 na testi zilizokuwa zimeandika jina la zamani ikabidi zifuate. Hata milango ya sistimu (system call, pale programu inapoomba keneli kitu) haina jina moja, ile ya openat ni `__x64_sys_openat` kwa Intel na `__arm64_sys_openat` kwa ARM. Ukitumia hayo majina moja kwa moja ndani ya testi ujue umejifunga kwa prosesa moja.

Fundi mimi natengeneza kompyuta hapa Section 58, Nakuru, na usiku najifunza keneli. Nataka kusaidia kurekebisha hizi testi lakini niko na laptopu moja tu ya zamani ya Intel. Hiyo RISC-V na s390 nitazitoa wapi? Na bando ya kudownload keneli nzima ni pesa, stima nayo unaijua.

Ndugu yangu, hizo zote utazipata ndani ya hiyo hiyo laptopu. Tafuta QEMU, ni programu inayoigiza prosesa nyingine, kuna `qemu-system-aarch64`, `qemu-system-riscv64`, `qemu-system-ppc64`, `qemu-system-s390x`, na zote ni za bure. Kuhusu bando, usichukue historia yote ya keneli, tumia `git clone --depth 1` upate hali ya leo tu, bado ni mamia ya MB lakini ni mbali sana na ile yote. Fanya hiyo mahali kuna waifai ya maana, ukimaliza kazi iliyobaki haitaki intaneti. Stima ikipotea katikati ya kujenga keneli usianze upya, rudia tu `make` ile ile itaendelea pale ilipoachia.

Unajenga keneli ya prosesa nyingine kwa kompaila ya kuvuka, kwa mfano `make ARCH=riscv CROSS_COMPILE=riscv64-linux-gnu- defconfig`. Halafu usisahau hatua moja ambayo watu wakiiruka wanasumbuka siku nzima: ndani ya `tools/testing/selftests/ftrace` kuna faili inaitwa `config` imeorodhesha kila kitu testi zinahitaji kiwe kimewashwa, na `make kselftest-merge` (kselftest ni mkusanyiko wa testi za keneli yenyewe) inaziingiza kwa mipangilio yako. Bila hiyo unaweza kujenga keneli haina `CONFIG_KPROBE_EVENTS` na testi nyingi zitajiondoa zenyewe.

Kwa mfumo wa ndani busybox, kifurushi kidogo cha amri za Linux, inatosha. Na hapo utakutana na kosa lingine kabisa ambalo watu wanadhani ni la prosesa na si la prosesa hata kidogo. Sheli ya busybox si bash. Testi ikiandikwa na mtu wa bash, akaweka `[ "$a" == "$b" ]` ama `echo -e`, kwake inapita, kwa sheli nyingine inaweza kuanguka ama inachapisha hiyo `-e` kama neno. Kwa Ubuntu na Debian `sh` ni dash, sheli nyingine ndogo, kwa hivyo huhitaji hata QEMU kuona hili, endesha tu skripti yako kwa dash. Hizi testi zinatakiwa ziandikwe kwa sheli ya kawaida inayokubalika kote.

QEMU ikiigiza prosesa tofauti na ya mashine yako inaenda polepole sana, uvumilivu unahitajika, lakini huo upole wenyewe unafichua mambo. Testi iliyoandikwa "lala sekunde 1 halafu angalia kama tukio limetokea" kwa laptopu mpya inatosha, kwa mashine ya pole tukio bado halijafika na testi inasema FAIL. Dawa si kuongeza kulala iwe sekunde 10, hapo unachelewesha kila mtu duniani na bado kuna mashine itakuwa pole zaidi. Dawa ni kuzunguka ukiangalia mara kwa mara hadi tukio litokee, na uweke kikomo. Hao wa kselftest kwa kawaida wanakata testi ikifika sekunde 45, lakini testi za ftrace zimeondolewa hicho kikomo kwa faili ya `settings` yenye imeandikwa `timeout=0`, walijua zinachukua muda.

Ukiwa na nafasi ya prosesa moja tu ya kuanzia basi anza na s390x. Najua hakuna mtu Nakuru ana mashine hiyo kwa duka, lakini inapanga baiti kinyume na Intel, na ARM na RISC-V kwa kawaida zinapanga kama Intel, kwa hivyo kosa la mpangilio wa baiti utalipata hapo na kwingine hutaliona. Mfano: namba 5 imewekwa kwa kumbukumbu kama namba ya biti 32. Testi inaisoma na `:u8` badala ya `:u32`. Kwa Intel utapata 5 kwa sababu baiti ndogo iko mbele, kila mtu anafurahi. Kwa s390x baiti ya mbele ni ile kubwa, utapata 0. Testi ilikuwa mbaya tangu siku ya kwanza, Intel ilikuwa inaifichia tu.

Mwalimu wa kompyuta hapa, Bungoma. Fundi, nimeendesha ftracetest (ile programu ya kuendesha testi zote za ftrace) kwa bodi ya ARM na wanafunzi wangu, mwisho inatoa hesabu: zilizopita, zilizoanguka, halafu kuna "unresolved", "untested", "unsupported". Mwenzangu anasema hizo tatu tusizijali, na zile zinazoanguka tuziwekee `exit_unsupported` (zijiondoe zikisema haiwezekani) kwa ARM ndio ripoti iwe safi. Ni sawa?

Hapana mwalimu, si sawa, na naomba wanafunzi wasifundishwe hivyo.

Hayo maneno matatu yana maana tofauti kabisa. UNSUPPORTED inamaanisha keneli hii haina hicho kitu, ama prosesa haiwezi ama hamkukiwasha wakati wa kujenga. UNTESTED inamaanisha hakuna mtu ameandika sehemu hiyo bado, na kwa testi kadhaa za kprobe ukiendesha kwa prosesa ambayo haiko kwa orodha ya `case` itakuambia wazi kwamba uongeze prosesa yako hapo. Hiyo ni kazi imewekwa mezani inawasubiri, wanafunzi wako wanaweza kuongeza hizo laini mbili tatu na zikaingia kwa keneli inayotumika dunia nzima! UNRESOLVED nayo inamaanisha testi ilikwama kabla ya kufika kwa swali lenyewe, labda maandalizi yalishindikana, kwa hivyo hatujui chochote, si kwamba kitu kiko sawa.

Ukichukua testi inayoanguka ukaiwekea `exit_unsupported` kwa ARM nzima umeandika uongo kwa ripoti. Umesema ARM haiwezi, na ARM inaweza. Na kesho keneli ikiharibika kweli kwa ARM hakuna kengele italia, na hizo bodi za ARM ndizo zinatumika huku kwetu, kwa maabara za shule, kwa miradi ya kupima maji na joto la greenhouse, kwa simu zilizo mfukoni mwa kila mwanafunzi wako. Nani ataona hilo kosa kama si sisi tulio nazo mkononi?

Njia ya haki ni kuuliza keneli yenyewe ina nini badala ya kuuliza prosesa inaitwa nani. Juu ya kila testi kuna laini ya `# requires:` ambapo unataja faili inayotakiwa iwepo, mfano `kprobe_events`, na unaweza pia kutaja maneno yanayotakiwa yapatikane kwa faili ya `README` iliyo ndani ya tracefs, ile `/sys/kernel/tracing`. Hiyo README keneli inaiandika yenyewe kulingana na kile inaweza, `$arg<N>` itaonekana humo kama prosesa yenu inakikubali na haitaonekana kama haikikubali. Ikikosekana, testi inajiondoa na UNSUPPORTED ya ukweli, na siku mtu atakapoongeza hicho kitu kwa prosesa hiyo testi inaanza kujiendesha bila mtu kuigusa. Angalia uzuri wa hiyo.

Mkifika darasani chukueni testi moja tu yenye imeanguka, iendesheni peke yake kwa `./ftracetest -vv test.d/kprobe/kprobe_args_string.tc` ama yoyote ile, na msome kila laini hadi ile ya mwisho kabla ya kuanguka, kumbukumbu nzima pia inabaki ndani ya `logs`. Mkitaka ukali zaidi kuna `--fail-unsupported` na `--fail-unresolved`, zinageuza hizo zenye mwenzako anataka msizijali ziwe makosa kamili. Na muangalie `uname -m` kwa makini: bodi inaweza kuwa na keneli ya biti 64 na programu za biti 32, `uname -m` itasema `aarch64` kwa sababu inaongea juu ya keneli, wakati kompaila iliyo ndani inatoa programu za biti 32. Kwa rejista za kprobe ya keneli hiyo ni sawa, unafuata keneli. Kwa testi inayojenga programu yake ndogo ya C utachanganyikiwa kama hujui.

Niaje Fundi, Busia hapa. Ndani ya testi ya kprobe nyingi nimeona wameandika ongeza 5 kwa x86, ongeza 8 kwa ppc64le. Hizo namba zimetoka wapi?

Poa. Mwanzoni mwa kazi nyingi za keneli kumeachwa nafasi ya ftrace kujichomeka. Kwa x86 nafasi hiyo ni baiti 5, urefu wa agizo moja la kuita, kwa hivyo +5 ni kuiruka. Kwa ppc64le kazi ina milango miwili na ule wa pili kwa kawaida uko baiti 8 mbele ya wa kwanza. Usizibebe hizo namba kwa testi yako bila kufikiria. Keneli ya x86 iliyowashwa ulinzi wa IBT, uliokuja na toleo 5.18 mwaka 2022, inaweka agizo la baiti 4 kabla ya hizo 5, na hapo 5 inakuangusha katikati ya agizo. Kwa ARM ya biti 64 kila agizo ni baiti 4 kamili kwa hivyo +5 haiwezekani kabisa, s390x ni 2, 4 ama 6, RISC-V ni 2 ama 4, na Intel ni popote kati ya 1 na 15. Ukiweza kuweka kprobe mwanzo wa kazi bila kuongeza kitu, weka hapo.

Fundi tena, yule wa Kondele. Nikirekebisha testi ya keneli yenyewe nitaituma wapi, na kizungu changu si cha nguvu.

Kizungu kidogo kinatosha, watu wa nchi nyingi wanatuma na chao hivyo hivyo. Endesha `scripts/get_maintainer.pl` juu ya kiraka chako (patch, mabadiliko uliyofanya) itakupa majina na anwani, kwa testi za ftrace utaona Steven Rostedt na Masami Hiramatsu, na Shuah Khan anayesimamia kselftest. Pitisha kiraka kwa `scripts/checkpatch.pl` kwanza, kichwa kianze na `selftests/ftrace:`, weka `Signed-off-by` na jina unalojulikana nalo, usijifiche, na kama kuna badiliko la zamani lililoleta kosa ongeza laini ya `Fixes:` na herufi 12 za mwanzo za namba yake. Tuma kwa `git send-email`, si kama faili ya kubandikwa. Maelezo yawe laini nne tano: ni mashine gani, keneli toleo gani, testi ilisema nini kabla, na inasema nini sasa. Halafu taja umeijaribu kwa prosesa gani na gani. Kama ni Pi ya rafiki yako na laptopu yako pekee, sema hizo mbili, mwenye s390x ataiendesha kwake na atakujibu.